Jahazi Katika Karai: Kuunda Mifano ya Vyombo vya Tanga Katika Shule za Bara

Utangulizi

Mwalimu mtarajiwa apelekwaye kufundisha Busawe, katika Mkoa wa Mara, atakuta watoto wanaojua mengi juu ya ng'ombe, plau, mtama na mihogo, lakini jahazi wengi wao wameliona katika picha ya kitabu tu. Hata hivyo watoto hao hawakutengwa na maji. Mto Mara, unaopita baina ya upande wa Tarime na upande wa Serengeti, hupeleka maji yake katika Ziwa Victoria karibu na Musoma. Si ajabu katika darasa moja kuwamo watoto wenye ndugu Musoma, Mwanza au Ukerewe, ambao siku moja watapanda chombo kwenda kuwazuru.

Katika makala haya twakusudia kuonyesha jinsi kazi ya kuunda mifano ya vyombo vya tanga kwa mbao nyepesi inavyoweza kuendeshwa katika shule iliyo mbali na pwani, isiyo na karakana wala fedha za kununulia vifaa. Hoja yetu kuu ni moja. Katika kazi hii msahihishaji ni maji, na mwalimu anayetangulia kueleza kabla maji hayajasema humnyima mtoto somo lenyewe. Nasi twasema hivyo kwa kuwa tulianza kwa kukosea. Tulipoifundisha kazi hii mara ya kwanza tulichora jahazi ubaoni, tukataja sehemu zake zote, tukaeleza sababu za chombo kusimama wima, kisha tukawaruhusu wanafunzi kuunda. Walijibu maswali yetu vizuri sana. Lakini vyombo vyao vilipotiwa majini vikalala ubavu, hakuna aliyejua la kufanya.

Mfano na heshima yake

Yafaa mwalimu kwanza aondoe dhana kwamba kuunda chombo kidogo ni mchezo wa kupoteza wakati. Katika pwani yetu watoto huunda ngalawa ndogo, huzitia matanga ya vitambaa, na kushindana nazo katika maji madogo ya ufukoni. Katika vijiji vinavyosifika kwa ufundi wa vyombo, kama Matondoni huko Lamu na Nungwi huko Unguja, mtoto huanza kuyazoea maumbo ya omo na tezi kabla hajaruhusiwa kushika shoka la fundi. Wapo pia watu wazima, pwani na kwingineko duniani, ambao huunda mifano ya majahazi wakati wa mapumziko kwa sababu tu ya kuipenda kazi hiyo, na baadhi yao huiuza.

Tena mfano huhifadhi elimu. Mtepe, chombo cha pwani kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi pasipo misumari ya chuma, ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Watafiti waliotaka kujua jinsi ulivyoundwa walitegemea sana picha, maandishi, na mifano michache ya mbao iliyowekwa katika majumba ya makumbusho. Chombo kikubwa kiliondoka; kidogo kikabaki kuwa shahidi. Mwalimu akiwasimulia wanafunzi habari hii watajua kwamba kazi iliyo mikononi mwao ina maana.

Vifaa

Mbao za majahazi ya kweli, kama vile mvule, ni ngumu mno kwa mikono ya watoto. Lakini katika sehemu nyingi za Mara mkonge umepandwa kuwa uzio wa maboma na mashamba. Mkonge unapokaribia kufa huchipua katikati yake mti mrefu wenye maua; mti huo ukikauka huwa mwepesi sana, huelea vizuri, na moyo wake hukwanguliwa kwa urahisi hata kwa kijiko. Hiyo ndiyo mbao yetu. Mwalimu ahakikishe kwamba mti huo umekauka kabisa, maana maji ya mkonge mbichi huwasha ngozi.

Vifaa vingine ni hivi: kisu kikali na msumeno mmoja kwa kila kikundi; msasa, au majani makavu ya mti wa msasa ambayo ndiyo asili ya jina hilo; nyuzi za katani; vijiti vilivyonyooka kwa ajili ya mlingoti na foromali; kitambaa chepesi cha nguo iliyochakaa; misumari michache; nta ya nyuki au kipande cha mshumaa; na mawe madogo. Kwa bahari twatumia karai pana, au pipa lililopasuliwa nusu. Baada ya somo maji hayo yamwagiwe bustani ya shule, kwa kuwa wanafunzi wameyabeba vichwani kutoka mbali, na kuyamwaga ovyo ni kuwadharau.

Vipimo

Jahazi tunalolichukua kuwa kielelezo lina urefu wa meta 15, upana wa meta 4, na mlingoti wa meta 10. Tukigawanya kila kipimo kwa 50, tunapata mfano wenye urefu wa sentimeta 30, upana wa sentimeta 8 na mlingoti wa sentimeta 20. Wanafunzi wa Darasa la V wafanye mgawanyo huo wenyewe. Kabla ya hapo watoke nje, wapime meta 15 kwa kamba, wasimamishe watoto wawili katika ncha zake, na kulichora umbo la jahazi mavumbini kwa ukubwa wake wa kweli. Mtoto aliyekwisha kutembea kutoka omo hadi tezi ya jahazi lililochorwa uwanjani ataelewa maana ya kipimo kuliko yule aliyekiona ubaoni.

Darasa la vikundi vinne laweza kuunda chombo kimoja kwa kugawana kazi: kundi la kwanza lichonge mwili, la pili mlingoti na foromali, la tatu likate na kushona tanga, na la nne litengeneze mkuku na usukani. Vyombo vingi vilivyosafiri katika Ziwa Victoria vilifika huko vikiwa vipande vipande. Mashua ya Stanley, Lady Alice, aliyolizungukia Ziwa mwaka 1875, ilibebwa na wapagazi kutoka pwani katika sehemu zilizotenganishwa, kisha ikaunganishwa. Kundi moja likikosea kipimo, vipande havitaingiliana, na hapo hapana haja ya mwalimu kuhubiri juu ya usahihi.

Jambo moja tulitilie mkazo. Aghalabu mwalimu huwapa wavulana visu na wasichana sindano. Katika pwani yetu, kushona matanga ni kazi ya wanaume, na ni ufundi wenye heshima yake. Basi vikundi vibadilishane, ili kila mtoto achonge na kila mtoto ashone.

Kuunda

Kipande cha mkonge kikatwe, kisha upande mmoja usawazishwe uwe sitaha. Omo ichongwe iwe nyembamba ipasue maji, na tezi iachwe pana kidogo. Ndani pakwanguliwe, na kuta zibaki na unene wa sentimeta moja. Sehemu ya chini kabisa ya ndani, ambapo maji yaingiayo hukusanyika, huitwa ngama. Chombo kizima kipakwe nta iliyoyeyushwa, ndani na nje, maana mkonge hunywa maji. Mafundi wa pwani nao huziba nafasi baina ya mbao kwa pamba iliyotiwa mafuta, na kazi hiyo huitwa kalafati.

Mlingoti usimamishwe mbele kidogo ya katikati ya chombo, nao uinamie omo kidogo. Foromali, yaani mti unaobeba tanga, iwe na urefu upatao sentimeta 30, nayo ipandishwe kwa kamba iitwayo henza. Tanga la jahazi lakaribia kuwa la pembe tatu, ila upande wa omo limekatwa kidogo. Kamba inayozuia ncha ya nyuma ya tanga huitwa demani. Maneno haya yatolewe kila moja kwa wakati wake, mtoto akiwa ameshika kitu chenyewe mkononi. Neno linalotangulia kitu husahaulika upesi.

Kwa madarasa ya chini, kama Darasa la III, twashauri waanze na ngalawa. Mwili wake ni mwembamba, lakini una ndubi mbili, yaani vipande vya mbao vilivyofungwa kwa miti pembeni, kimoja kila upande, ambavyo huizuia isipinduke. Ngalawa husimama kwa kutandaza miguu yake. Jahazi husimama kwa uzito ulio chini. Mtoto aliyeunda ngalawa kwanza huuliza mwenyewe, afikapo kwenye jahazi, ndubi ziko wapi. Hilo ndilo swali tunalolingoja.

Maji yasahihishe

Siku ya kujaribu, mwalimu asiseme mengi. Chombo kitiwe majini kikiwa na mlingoti na tanga, lakini bila mkuku na bila mzigo. Mtoto mmoja apunge hewa kwa ungo au kwa jalada la daftari. Chombo kitapinduka. Watoto watacheka, na mwenye chombo atakitazama mwalimu akisubiri jibu. Wakati huo ndio mgumu kuliko wote kwa mwalimu kijana, kwa kuwa jibu analo na ulimi unamwasha. Anyamaze, aulize tu: “Tufanye nini?”

Kwa kawaida mtoto mmoja atapendekeza kutia mawe. Mwalimu aruhusu. Wengine watayaweka juu ya sitaha, na chombo kitapinduka upesi zaidi kuliko mwanzo. Wengine watayatia ndani, katika ngama, na chombo kitasimama. Idadi ya mawe ni ile ile, mawe ni yale yale, bali mahali yalipowekwa pamebadili kila kitu. Watoto wa Busawe wana mfano wa karibu wa kulielezea jambo hili. Wanajua kwamba magunia yakipandishwa juu ya mgongo wa punda, mzigo huyumba na kuanguka. Yakining'inizwa chini pande zote mbili kwa uzito ulio sawa, hutulia. Mwalimu aungoje mfano huo utoke kwao. Ukisha kutoka, ndipo awape neno la mabaharia: mzigo uwekwao chini ili chombo kitulie huitwa farumi.

Jaribio la pili lahusu uzito wote. Lichukuliwe sanduku jepesi lenye urefu wa sentimeta 30 na upana wa sentimeta 8, lililozibwa lisiingie maji. Kila linapozama sentimeta moja zaidi linasukuma maji yenye ujazo wa sentimeta za ujazo 240, na maji hayo yana uzito wa gramu 240, karibu sawa na robo kilo ya sukari. Hiyo ndiyo kanuni ya Archimedes, kwamba chombo kieleacho husukuma maji yenye uzito ulio sawa na uzito wake chenyewe. Wanafunzi wapige mistari ya sentimeta ubavuni, wapakie mawe waliyoyapima, na kuandika linavyozama. Watagundua kwamba kila chombo kina mstari ambao haufai kuvukwa, na kwamba mstari huo hautokani na amri ya mtu yeyote.

Kwa nini mfano hupinduka kuliko jahazi lenyewe

Wanafunzi wenye akili ya kupima watauliza: ikiwa vipimo vyote vimegawanywa sawasawa kwa 50, mbona jahazi la kweli linastahimili upepo ambao unaupindua mfano wetu? Swali hili ni zuri, na mwalimu asiliogope.

Watengeneze vijitofali vinane vya udongo vilivyo sawa pande zote, wavipange viwe tofali moja kubwa. Upande wa tofali hilo ni mara 2 ya upande wa kijitofali; uso wake mmoja ni mara 4; lakini uzito wake ni mara 8. Sasa warudi kwenye jahazi. Urefu umepungua mara 50. Eneo la tanga, ambalo ndilo linaloshika upepo, limepungua mara 2,500. Bali uzito wa chombo, ambao ndio unaokizuia kisilale, umepungua mara 125,000. Kwa hiyo uzito umepungua mara 50 zaidi ya tanga, na upepo umepata nguvu ya kushinda. Ndiyo sababu waundaji wa mifano huongeza kina cha mkuku na kuutia chuma chini, au hupunguza tanga. Kwa chombo chetu, mkuku unaoshuka sentimeta 4 chini ya mwili, wenye misumari iliyofungwa kwenye ukingo wake wa chini, unatosha.

Upepo

Chombo kikisha kusimama, wanafunzi wajifunze kukiendesha. Waanze na upepo wa nyuma, halafu wa ubavuni, kisha wajaribu kukielekeza upande unakotoka upepo. Wataona kwamba hakiendi moja kwa moja, ila hukubali kwenda mshazari, huku na huku. Kwenda hivyo ndiko mabaharia wanakokuita kubisha.

Hapo mwalimu wa Jiografia ana mlango wa kuingilia. Aeleze Kaskazi na Kusi, pepo zilizoyaleta majahazi ya Arabuni na kuyarudisha. Kisha aje karibu na nyumbani. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku mambo hugeuka. Mvuvi wa Ziwa Victoria mwenye tanga hutoka na upepo wa usiku, na hurudi na ule wa mchana.

Kutoka karai hadi ziwani

Tumesema kwamba kazi hii ina furaha, na ni kweli. Lakini iko sababu nyingine ya kuifundisha, nayo si ya kuchekesha. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka na kuzama katika Ziwa Victoria ikielekea Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kilipokuwa kikikaribia kisiwa cha Ukara. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliofariki peke yao walikuwa 228.

Mwalimu asiufanye msiba huu kuwa kielelezo cha mchezo, wala asiipe mifano ya watoto majina ya vyombo hivyo. Aulize kwanza kwa upole, kabla ya somo, kama yupo mtoto aliyepotelewa na ndugu. Lakini asiupite kimya. Baada ya jaribio la farumi, awaambie wanafunzi wasogeze mawe yote, taratibu, upande mmoja wa chombo, kama abiria wanaokimbilia ubavu mmoja ili wawe wa kwanza kushuka. Kisha waongeze mawe kupita mstari wao na kupunga hewa kidogo tu. Hapana maelezo yatakayohitajika.

Twaweza kumwamuru mtoto asipande chombo kilichojaa kupita kiasi, akaisahau amri hiyo siku ya safari, watu wazima watakapomhimiza apande. Lakini mtoto aliyeuona mstari wa maji kwa macho yake, akalisogeza jiwe kwa mkono wake, ana sababu yake mwenyewe ya kukataa. Pengine atamshika mama yake mkono na kumwambia wangoje safari nyingine.

Tahadhari na mpango wa kazi

Majaribio yafanyike katika karai shuleni. Hata siku moja mwalimu asiwapeleke watoto Mto Mara kujaribu vyombo, kwa kuwa mto huo una mamba na viboko, na maji yake huenda kasi wakati wa masika. Visu vihesabiwe kabla ya kazi na baada ya kazi. Nta ayeyushe mwalimu mwenyewe, ndani ya chombo kilichowekwa katika maji ya moto.

Somo la Sayansi laweza kuchukua majaribio ya farumi na ya uzito, na Hisabati ikachukua vipimo. Uundaji wenyewe twashauri uwe kazi ya chama cha hiari, jioni, usiotolewa alama. Mtoto anayechonga kwa ajili ya alama huacha akisha kuzipata. Anayechonga kwa kupenda hurudi kesho na chombo kingine.

Hitimisho

Shule isiyo na bahari, ziwa wala karakana ina mkonge katika uzio wake na karai katika jiko lake. Hivyo vyatosha. Kinachohitajiwa zaidi ni mwalimu mwenye subira ya kukiacha chombo kipinduke mara ya kwanza, na mara ya pili, huku akiwa amesimama karibu.

Maswali ya mjadala kwa wanachuo

1. Mwanafunzi amekata tamaa baada ya chombo chake kupinduka mara tatu. Utamsaidiaje pasipo kumpa jibu?

2. Tayarisha somo la dakika 40 la Darasa la V juu ya farumi, ambalo neno lenyewe halitatajwa kabla ya nusu ya pili ya kipindi.

3. Ni kitu gani katika mazingira ya shule utakayokwenda kinachoweza kutumika badala ya mti wa mkonge? Kichonge, kitie majini, ulete matokeo chuoni.